Ya Kwanza Ni ya Ukuta

Mama yangu aliacha kula mvua zilipokolea, na si kwamba hakuwa na njaa. Njaa alikuwa nayo. Nilimwona akiutazama uji kwenye bakuli, koo likipanda na kushuka, kisha anageuza uso. Nikisogeza kijiko, anakisukuma kwa mkono uliobaki ngozi na mifupa, na kusema maneno yale yale ya jana na juzi.

"Kitinda bado hayakula."

Kitinda ni mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama, kitinda mimba. Tulimwita hivyo nyumbani mpaka jina lake lenyewe likakosa kazi. Alikufa wakati wa vita, ndiyo kwanza ameanza kusema vizuri. Tangu tulipomzika, mama hakuwahi kumtaja mbele yangu, hata kwa bahati mbaya. Nilidhani amemsahau, na kwa hilo nilimwekea kinyongo maisha yangu yote. Sasa akili ya mama ilikuwa imeanza kutembea peke yake, kama inavyowatokea wazee wengi, na ilipofika kwa Kitinda ikakaa chini ikagoma kuondoka.

Mimi mwenyewe hakunijua tena. Alinifikiria mwanamke fulani mwema aliyekuja kumsaidia. Alinieleza kwa adabu, kama unavyomweleza mgeni:

"We mama, uko muzuri sana. Lakini miye siwezi kula mbele ya mutoto. Mutoto akishiba, miye pia nitakula."

Mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Nashona nguo sokoni hapa Kindu, na mafundi wenzangu wanasema ulimi wangu unakata kuliko mkasi. Lakini ulimi huo haukunisaidia kitu mbele ya bakuli la uji. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikamwomba. Nikamwazima mjukuu wa jirani, mtoto wa kike wa umri wa Kitinda alipokufa, nikamkalisha mbele ya mama na kumpa mkate ale. Mama alimtazama vizuri kutoka miguuni hadi nywele.

"Huyu njo mutoto ya nani? Mumurudishe kwabo, mama yake anamutafuta."

Kisha akaniambia anachokitaka. Alitaka ile tomati. Ile kubwa, amkatie mtoto.

Nilikwenda sokoni nikanunua nyanya nzuri kuliko zote nilizoziona. Siku hizi zinakuja ndogo ndogo, ngumu, zenye ngozi nene, zimefanywa kwa ajili ya kusafiri na si kwa ajili ya kuliwa. Mama alishika moja, akaigeuza, akaibonyeza kwa kidole gumba, akaiacha ianguke kwenye mkeka.

"Hii si yake," alisema.

Alikuwa sahihi. Haikuwa yake.

Nyanya aliyoitaka mama ililetwa na baba, aliyekuwa fundi wa reli. Alipewa mbegu zake safarini upande wa Kalemie, zimekaushwa kwenye karatasi ya sabuni, na mama akazipanda nyuma ya nyumba. Likatoka tunda ambalo majirani walikuja kulitazama uani kama watu wanaokuja kumwona mtoto mchanga. Lilikuwa kubwa, limejaa mkono, lina mikunjo juu karibu na kikonyo, na likiiva linakuwa jekundu la kuelekea mawese. Kwetu nyanya ni ya kupikia. Inaingia kwenye mafuta pamoja na kitunguu, kisha samaki, basi. Baba aliila ile mbichi, imekatwa vipande vipana, na chumvi na pilipili, kipande kimoja kinafunika nusu ya sahani. Watu walimcheka kwamba anakula mboga kabla haijapikwa. Alipowaonjesha, walirudi kesho yake na sahani zao.

Mbegu mama aliziweka kama wanawake wote wa kwetu walivyoziweka, ukutani. Unaacha nyanya iive mpaka ilegee, mpaka inaanza kunuka uchachu, ndipo mbegu inakuwa imekomaa kweli. Unaipasua, unaisugua kwenye ukuta wa udongo wa jikoni, karibu na mafiga, mpaka mkononi linabaki ganda tupu. Ute unakauka na kuzigandisha mbegu, moshi unafukuza wadudu, na msimu ukifika unakuja na kisu, unazikwangua. Tena haikuwa nyanya yoyote. Ilikuwa ya kwanza kuiva, ile iliyowatangulia wenzake. Mbegu ya tunda la mwisho, alisema mama, inazaa uvivu. Kwa hiyo kila msimu tuliimezea mate ile ya kwanza na hatukuigusa. Ya kwanza ni ya ukuta, ndivyo ilivyosemwa nyumbani, na hakuna aliyebisha.

Vita vilipofika, mji ulifungwa. Ndani walikuwa askari, msituni walikuwa wapiganaji wengine, na sisi raia tulikuwa katikati, tukishukiwa na pande zote mbili. Ukienda shambani, askari wanasema umepeleka habari msituni. Ukifika shambani, wa msituni wanasema umetumwa na askari. Wanawake waliojaribu walirudi wamepigwa, na wengine hawakurudi. Mihogo yetu iliozea ardhini, mahali ambapo zamani tulikwenda na kurudi tukiimba. Treni ililala stesheni mpaka majani yakaota kati ya reli. Baba alikuwa ameondoka na mojawapo ya zile za mwisho, na mpaka leo hatujui alikoshukia.

Tulibaki mama, mimi, mdogo wangu wa kiume na Kitinda. Tulikula matembele asubuhi na jioni, bila chumvi, bila mafuta, mpaka harufu yake ikawa harufu ya nguo zetu. Mama alihamishia nyanya nyuma ya choo, kwa sababu askari waliingia kila ua kutafuta cha kuchuma, lakini nyuma ya choo walikuwa hawaendi, pua zao bado zilikuwa na heshima. Pale alizipanda, akazifunga kwenye matete kwa vipande vya kikwembe, kitenge chake cha harusi, akazimwagilia kwa maji aliyonawia. Hatukuzila. Zilipoiva alizipeleka kwa wake za askari, waliozipenda sana, akabadilishana nao chumvi, unga, mara moja moja sabuni. Nyanya ile ndiyo iliyokuwa inatulisha, bila sisi wenyewe kuionja.

Msimu ninaouzungumzia, mbegu zilizokuwa ukutani zilikaribia kuisha. Panya walikuwa na njaa kama sisi, walizitafuna. Mama alipata miche michache tu, na ya kwanza kuiva ikachumwa, ikawekwa juu ya kichanja, juu ya mafiga, ingoje kulegea. Chini yake, kwenye mkeka, alilala Kitinda na homa. Mdomo wake ulikuwa na vidonda, matembele yakawa yanamchoma, akawa anayatema. Alilala chali na kuitazama nyanya juu ya kichanja.

"Mama, nipe ile."

Hakulia. Alisema tu, kwa sauti ya mtu anayekumbusha.

"Ile njo ya ukuta, mama," mama alimjibu. Kwetu mtoto wa kike unamwita mama pia, ndiyo njia ya kumbembeleza. "Yako inakuja. Iko ku muti, inaanza kuwa nyekundu. Ungoje kidogo."

Na kweli ilikuwepo kwenye mti. Niliiona. Ilikuwa imeanza kugeuka rangi upande mmoja. Kitinda alisubiri. Akilala anaamka, akiamka anaangalia juu.

"Mama, nipe ile."

"Yako inakuja."

Asubuhi moja askari mmoja alikuwa na tumbo la kuharisha, akaingia choo chetu. Alipotoka akaona majani. Akawaita wenzake, wakachuma zote, nyekundu na mbichi, wakang'oa na miti yenyewe kwa sababu ya haraka. Wakaondoka wakizitafuna. Ilibaki ile ya kwenye kichanja peke yake.

Nilimtazama mama. Nilijua sasa atanyoosha mkono, aishushe, aikate. Nilikuwa tayari nimeshashika kisu. Alisimama mbele ya kichanja kitambo kirefu, mgongo wake kwetu. Kitinda akasema tena, nipe ile. Mama akatoka nje kwenda kutafuta matembele.

Kitinda alikufa kabla ya jua kuzama, na nyanya ilikuwa bado juu. Wazee wa mtaa walimzika haraka, kwa sababu siku zile hata kilio kilihitaji ruhusa. Tuliporudi makaburini, wanawake walikaa jikoni nasi. Mama hakukaa. Aliishusha ile nyanya, iliyokuwa imelegea na kuanza kuchacha, akaipasua kwa mikono, akaisugua ukutani mbele ya watu wote, taratibu, kutoka chini kwenda juu, mpaka likabaki ganda. Hakutoa chozi. Mwanamke mmoja alifunika uso kwa kikwembe asione.

Msimu uliofuata, ukuta ule ulitoa miche kupita mahitaji yetu. Tuliipanda kila pembe, mama akawagawia hata majirani. Tukapata chumvi, tukapata unga. Tukaishi. Siku moja zilikuwa nyingi hata mama akakata moja kwa ajili yetu, akaweka chumvi juu, kama baba. Mdogo wangu wa kiume alikula mpaka kidevu kikalowa. Mimi nilikataa. Mama alinipiga, na bado nilikataa, na toka siku hiyo nyanya ile haikuwahi kuingia mdomoni mwangu. Vita vikaisha, nikaolewa, nikafiwa na mume, nikarudi kuishi na mama, na miaka yote hiyo nilimwona kila msimu akisugua ukuta wake, na kila msimu nilitoka nje.

Najua alichofanya. Alihesabu watoto waliobaki akaamua. Alikuwa na haki, na mimi nilimchukia pamoja na haki yake. Mdogo wangu, anayechimba madini huko Punia, tuligombana naye juu ya hilo mara nyingi, na siku hizi tunagombana kwa simu.

"Ile ukuta njo ilituponesha," huniambia. "Bila ile, wewe na miye tungekuwa wapi?"

"Na Kitinda?"

Hapo mtandao wake hukatika. Sijui kama ni mtandao kweli.

Basi mama alipoitupa nyanya ya sokoni, nilikumbuka ukuta. Mama alikuwa hajapanda tangu ugonjwa ulipomlaza, lakini mbegu za msimu wake wa mwisho nilijua bado zipo, pale pale karibu na mafiga, madoa ya njano juu ya udongo mweusi kwa moshi. Nilikwenda kwanza kumtafutia mama dawa upande wa pili wa mto, nikasema nikirudi nachukua kisu nazikwangua. Nilipoingia jikoni jioni, ukuta ulikuwa mweupe.

Ulikuwa umekandikwa upya wote, juu hadi chini, udongo mbichi umelainishwa kwa viganja, na juu yake umepakwa ule udongo mweupe wa mtoni. Ulipendeza. Wanawake wa mtaa walikuwa wamekuja nikiwa sipo. Hiyo ndiyo desturi yetu. Ugonjwa ukiwa mzito, wanawake wanakuja bila kuitwa, wanafagia ua, wanachota maji, wanakandika jiko, ili siku ya kilio watu wasikute aibu. Hakuna anayeitaja siku yenyewe. Wanasema tu, tumekuja kusaidia.

Nilipiga kelele ambazo nadhani zilisikika hadi stesheni. Walitoka mbio katika nyumba zao wakidhani mama ameshakufa, wengine wameanza kulia kabisa. Walipokuta nagombana na ukuta, walisimama na mikono yao bado ina udongo.

"Tulifanya mubaya gani?" aliuliza mkubwa wao, mjane aliyezeeka pamoja na mama.

"Mulimuzika muzima!" nilimwambia. "Mulikandika juu ya mbegu yake!"

Mjane yule aliuelewa ukuta mara moja, kwa sababu na yeye alikuwa na ukuta wake wa mbegu za kawaida. Alikaa chini pale pale uani. Alisema wakati wa kukandika aliona madoa, akafikiri ni mafuta ya zamani. Macho yake hayaoni vizuri tena. Nilitaka kumtukana na nikakosa nguvu.

Wote walikubaliana kwamba mbegu ikishaloweshwa na udongo mbichi, itaota gizani ife, au itaoza. Kwa hiyo nilipanda pikipiki asubuhi nikaenda Kailo. Kulikuwa na mwanamke huko ambaye mama alimgawia mbegu mwaka ule wa wingi. Njia ilikuwa tope tupu, nilifika nimechafuka kama mchimbaji. Nilimkuta, mzima, mwenye maneno mengi na wajukuu wengi.

"Ile tomati ya mama yako? Ee, mama! Ilikuwa tomati ile." Alitikisa kichwa. "Ilikufa, mama. Nilipumzika musimu moja tu, nikasema nitaomba tena kwake."

Wote walikuwa wanategemea ukuta wa mama. Kila mwenye kupoteza mbegu alijua kuna mahali pa kuomba tena. Nilirudi Kindu mikono mitupu, nimekaa nyuma ya pikipiki nikilia kwenye mgongo wa dereva, na yeye kwa wema wake akajifanya hasikii.

Nikauvunja ukuta. Sikuwa na lingine. Nilichukua jembe, nikaanza karibu na mafiga, nikaubomoa ukuta wa jiko la mama yangu mabonge kwa mabonge, mpaka fito zikabaki wazi na mvua ikawa inatutazama ndani. Wale wanawake walikuja tena. Walibeba udongo kwenye mabeseni, tukaulowesha taratibu, tukauvunja kwa vidole, tukaupanda kama ulivyo, udongo wote, pamoja na masizi na nyasi zake, kwenye makasha na masufuria mabovu chini ya ubaraza. Mjane yule alipitisha kila bonge kwenye vidole vyake. Mikono yake ilikuwa inaona kuliko macho.

Ulikuwa msimu mbaya kabisa wa kupanda nyanya. Nyanya inataka ianze mvua zikiwa zinaaga, iive kiangazi. Sisi tulipanda mvua zikiwa zimeshika nchi. Kwa muda mrefu hakukuota kitu isipokuwa magugu. Mama alikuwa anapokea maji, na uji kidogo nikimwingizia akiwa nusu usingizini, jambo nililolifanya kwa aibu, kama mwizi. Akizinduka anaufunga mdomo. Alipungua hata nikaweza kumbeba peke yangu kumpeleka nje, na siku niliyoweza kumbeba kwa mkono mmoja niliingia chumbani nikauma mto.

Kisha mjane akaniita. Kwenye sufuria moja kulikuwa na kijani, shingo nyembamba zilizoinama na majani mawili mawili. Tulipiga magoti kuzitazama. Nyingi zilianguka kabla ya kupata jani la kweli, zimekatika chini kabisa kama zilizobanwa na kucha. Zilizobaki nilizihamishia nyuma ya choo, mahali pale pale. Nilizijengea kibanda cha turubai, nikaziwekea majivu na mbolea ya kuku, nikakata majani ya chini yasiguse tope, nikachomoa vichipukizi vya kwapani. Kazi hizi hakuna aliyenifundisha. Miaka yote niliyokuwa natoka nje mama akisugua ukuta wake, inaonekana macho yangu yalibaki ndani.

Ugonjwa wa mvua uliingia. Madoa meusi kwenye majani leo, kesho kwenye shina, keshokutwa mti umekaa kama umemwagiwa maji ya moto. Niling'oa mmoja, nikang'oa wa pili, nikaendelea kung'oa. Kila asubuhi nilikwenda nyuma ya choo kabla hata ya kumwangalia mama, kisha nakuja kumwangalia mama, na sijui kati ya hao wawili ni yupi niliyemhofia zaidi. Ulibaki mti mmoja wenye matunda. Mengine yalioza yakiwa ya kijani, kuanzia kitakoni. Moja, lililokuwa juu, mbali na tope, lilikataa.

Lilinenepa. Likatoa mikunjo yake karibu na kikonyo. Siku niliyoona rangi inaanza upande mmoja nilirudi nyuma hatua moja, kwa sababu niliwahi kuiona rangi ile, upande ule ule, kwenye mti uliosimama hapo hapo. Nikahamishia mkeka wangu mlangoni pa choo, nikawa nashonea hapo. Wapita njia walinicheka. Niliwaambia wapite.

Mdogo wangu alipiga simu kutoka Punia. Nilimweleza.

"Ya kwanza njo ya ukuta," alisema. "Usisahau. Ikiisha hii, iliisha kabisa."

"Ukuta uko wapi?" nilimuuliza. "Niliuvunja."

Nilipoichuma, mti wenyewe ulikuwa umeshaanza kuwa mweusi. Nilimbeba mama nikampeleka jikoni, nikamkalisha kwenye kigoda karibu na mafiga, ubavuni mwa zile fito zilizo wazi. Nikampa nyanya mikononi. Aliigeuza. Akapitisha kidole gumba kwenye mikunjo, akainusa pale kikonyo kilipokuwa, na uso wake wote ukabadilika.

"Njo hii," alisema. "Leta kisu."

Nilimpa kisu, ubao wa kukatia, sahani na chumvi. Alikata vipande vipana, mkono hautetemeki, sijui alikopata nguvu. Kisha akainua kichwa akaanza kumtafuta. Alitazama mkekani, mlangoni, nyuma yangu.

"Kitinda iko wapi? Mumuite."

Sikumwazima tena mtoto wa mtu. Nilikaa kwenye mkeka, kisha nikalala chali chini ya kichanja, mwanamke mzima mwenye mvi, nikamtazama mama yangu kutoka chini.

"Mama," nilisema, "nipe ile."

Alinitazama. Ninaapa alinitazama kama hakuna siku hata moja iliyopita katikati.

"Njoo, mama," alisema. "Yako ilifika."

Alinilisha kwa mkono wake. Nilikuwa nimepanga kuzibakiza mbegu shavuni, nizitoe baadaye kwa siri, nizikaushe kwenye karatasi kama alivyofanya baba. Lakini baada ya kila kipande alinishika kidevu na kuniambia nifungue mdomo, akaangalia ndani, huku na huku, kama unavyomwangalia mtoto mgonjwa anayeficha dawa. Nikameza. Ilikuwa tamu. Miaka yote nilikuwa nimejiambia kwamba ni tunda chungu. Nilimeza nyama yake na maji yake na mbegu zake, huku machozi yananiingia masikioni, na kila nilipomeza nilimwona Kitinda, na chuki yangu nikawa naitafuta mahali ilipokuwa siku zote na siioni. Mama aliinua sahani akaninywesha na yale maji mekundu yenye chumvi yaliyobaki.

Akanifuta mdomo kwa ncha ya kikwembe chake.

"Ilibakia?" aliniuliza.

Nilitazama sahani, nikatazama ubao wa kukatia, nikatazama mikono yake.

"Hapana, mama. Haikubakia hata kidogo."

"Njo muzuri," alisema, na akafungua mdomo apewe uji.